Mhasibu kagawanya bei kwa Tbps, swichi ghali ndiyo ikatoka nafuu. Nimjibuje?

zamu_ya_usiku

Wakuu, heshima kwenu. Swali langu ni la hesabu kuliko la mtandao, ila wanaoweza kulijibu ni watu wa mtandao.

Nina seva 20 kwenye raki moja. Kumi na mbili ni za kuhifadhi data, zinaendesha Ceph, programu ya kutawanya data kwenye seva nyingi, na kila kitu kina nakala tatu. Hizo ni mpya na zimekuja na kadi za mtandao za 25G (gigabiti 25 kwa sekunde) zenye poti mbili. Nane zilizobaki ni za mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), kadi zao ni za 10G, poti mbili pia, na nimeshaambiwa bajeti ya kuzibadilisha haipo. Zote kwa sasa zimechomekwa kwenye swichi (visanduku vinavyounganisha seva) mbili za 10G zilizochoka. Feni moja inalia kama mashine ya kusaga, na mtengenezaji aliacha kutoa masasisho zamani.

Kilichonisukuma si feni. Mwezi uliopita seva moja ya data iliungua ubao. Tukaibadilisha na diski zake, ikaanza kujazwa upya, TB 20. Usiku ule nilikaa naitazama poti yake ikisoma 9.4 Gbps, haipandi wala haishuki, karibu saa tano nzima, huku diski za NVMe, zile za kasi, zikipiga miayo. Watumiaji wa mashine pepe nao wakawa wanapiga simu kwamba mambo ni mazito.

Basi nikaomba nukuu za bei. Fedha zenyewe siziandiki hapa, kila mtu ana soko lake. Bei ya swichi A nimeiita 100, nyingine zote nimezipima kwa hiyo.

A ina poti 48 za 10G na 6 za 40G. Brosha inasema uwezo 1.44 Tbps (terabiti kwa sekunde). Bei 100.

B ina poti 48 za 25G na 8 za 100G. Brosha inasema 4 Tbps. Bei 170, na pembeni kuna leseni ya "vipengele vya juu", 30 kwa kila mwaka kwa kila swichi.

C ina poti 32 za 100G tupu. Brosha inasema 6.4 Tbps. Bei 210, haina leseni.

Nahitaji mbili za aina yoyote nitakayochagua, ili moja ikifa kazi iendelee.

Mhasibu wetu ni mtu makini, simcheki. Kachukua karatasi, kagawanya bei kwa Tbps. A ikatoka 69, B 42 na nusu, C 33. Akanirudishia faili kaandika: "Nunua C, ndiyo nafuu." Mimi moyoni nahisi C si ya kwangu, lakini nikiulizwa kwa nini, sina jibu zaidi ya kuhisi. Na kuhisi hakuingii kwenye faili la manunuzi.

Nisaidieni hoja. Au kama mhasibu yuko sahihi, niambieni ninyamaze.

---

waya_mfupi

Mkuu, mhasibu wako hajakosea kugawanya. Kakosea alichogawanyia.

Tuanze na hiyo Tbps yenyewe. Swichi B: poti 48 mara 25 ni 1,200. Poti 8 mara 100 ni 800. Jumla 2,000, yaani 2 Tbps. Brosha imepata wapi 4? Imehesabu kutuma na kupokea kila kimoja peke yake, ikajumlisha. Si uongo, kwa sababu poti kweli hutuma na kupokea kwa wakati mmoja, ila pakiti inayoingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine imehesabiwa mara mbili. A nayo ni hivyo hivyo: 480 na 240 ni 720, wameandika 1,440. C ni 3,200, wameandika 6,400. Kwa bahati zako zote tatu zimezidishwa, kwa hiyo ulinganisho haujaharibika. Siku utakayopewa brosha moja iliyozidisha na nyingine isiyozidisha, utanunua ndoto.

Sasa jambo kubwa. Uwezo wa swichi ni jumla ya milango iliyo ukutani. Wewe una seva 20. Milango ambayo hujachomeka kitu haikuletei hata biti moja. Kwa kila swichi utachomeka seva 12 za 25G, ambazo ni 300, na seva 8 za 10G, ambazo ni 80. Jumla 380. Hiyo ndiyo namba ya kugawanyia. Kwenye A zile kumi na mbili zitashuka hadi 10G, kwa hiyo utapata 200 tu.

A: 100 kwa 200, ni 0.50 kwa kila gigabiti unayoitumia.
B: 170 kwa 380, ni 0.45.
C: 210 kwa 380, ni 0.55.

Ile aliyoiona mhasibu kuwa nafuu kuliko zote ndiyo ghali kuliko zote. Mpelekee hesabu hiyo kwa mtindo ule ule wake wa kugawanya, ataielewa papo hapo. Wahasibu ukiwaletea hadithi wanakuchoka, ukiwaletea kigawanyo wanakaa chini.

Ila usiisherehekee B bado. Weka leseni ya miaka mitatu: 170 na 90 ni 260, gawanya kwa 380, ni 0.68. Ghafla B imeipita C. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa muuzaji ni hili: bila leseni swichi hii inafanya nini? Kama VLAN (kugawa mtandao mmoja vipande), LACP (kufunga nyaya kadhaa zifanye kazi kama mmoja) na MLAG (swichi mbili kujifanya moja) zimo kwenye bei ya msingi, huna haja ya leseni. BGP, EVPN na VXLAN ni vitu vya mwenye raki nyingi, na wewe una moja. Lipate jibu kwa maandishi. Miaka ya nyuma niliwahi kupokea swichi ya poti 48 nikakuta 24 zimefungwa kwa programu mpaka zilipiwe. Muuzaji, ambaye simtaji, alinionyesha mstari kwenye nukuu ambao kweli ulikuwepo, herufi za ukubwa wa chungu.

Jambo la mwisho kabla sijalala: umeweka wapi bei ya nyaya?

---

zamu_ya_usiku

Aisee, umenifungua. Nyaya sijaziweka. Muuzaji wa B kaniletea karatasi tofauti ya moduli za faiba, 3 kwa kila moja, nikaona ni namba ndogo nikaiacha.

---

waya_mfupi

Ndogo? Seva 20, kila waya una ncha mbili, ni moduli 40 kwa swichi moja. Mara 3 ni 120. Moduli zimeipita swichi A nzima kwa bei, na hapo nyaya za faiba zenyewe bado. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapopatia faida. Swichi wanakupunguzia kwa tabasamu, moduli hawapunguzi.

Umesema raki moja. Pima kwa futi kutoka swichi itakapokaa hadi seva ya chini kabisa, upite njia ambayo waya utapita kweli, usipime hewani. Ikiwa ndani ya mita 3, achana na faiba. Chukua nyaya za shaba za DAC, ambazo ncha zake zimeshafungwa tayari. Hazili umeme wa kutajika, hazina leza ya kufa, na bei yake ni sehemu ndogo ya moduli mbili. Kwa 25G kiwango cha 802.3by cha mwaka 2016 kinaruhusu shaba hadi mita 5, lakini ukipita mita 3 unalazimika kutumia RS-FEC, yale masahihisho ya makosa, na hapo ndipo vijana wanapotokwa machozi.

---

kebo_moja

Hiyo ya FEC nathibitisha. Niliwahi kukaa saa mbili na waya mpya, kadi mpya, swichi mpya, taa haiwaki. Nikabadilisha waya mara tatu. Kumbe kadi iliwekwa RS-FEC na swichi haina FEC kabisa. Kwenye 10G hatukuwa na habari hizi, ukichomeka inawaka. Kwenye 25G ncha mbili zisipokubaliana juu ya FEC hazisalimiani.

---

mtumba_wa_40G

Mimi nitakwenda kinyume na wenzangu. Achana na mpya zote tatu, tafuta swichi za 40G za mtumba. Wenye vituo vikubwa walihamia 100G, zile za 40G wanazitoa kwa bei ya kutupa, na kadi za 40G nazo ni hivyo hivyo. Seva moja 40G, ina shida gani? Tena 40 ni kubwa kuliko 25.

---

waya_mfupi

Kwa maabara nyumbani nakuunga mkono mia kwa mia, mimi mwenyewe ninayo moja chini ya meza. Kwa kazi ya mwenzetu hapana. Ndani ya 40G ni njia nne za 10G zilizofungwa pamoja, na poti moja inakula nafasi ya tundu kubwa la QSFP. 25G ni njia moja tu yenye kasi, ndani ya tundu dogo la SFP28. Kiwango kilichokuja baadaye kilijengwa juu ya njia ya 25: nne zake ni 100G. Ndiyo maana poti ya 100G unaweza kuigawa ikawa 25G nne, au ukaishusha iwe 40G au 10G nne, lakini ya 40G huwezi kuitoa 25G hata moja. Tena yeye kadi za 25G anazo tayari, kwa nini azitupe?

Na feni yake inalia kwa sababu ya uzee. Tusimpe mzee mwingine.

---

pakiti64

Naomba niulize kitu kidogo, wakuu. Kwenye brosha ya swichi kama hiyo B nimewahi kuona imeandikwa pakiti milioni 2,000 kwa sekunde. Fremu ndogo kabisa ya Ethernet ni baiti 64, ongeza baiti 20 za utangulizi na nafasi kati ya fremu, ni 84, sawa na biti 672. Kwa 2 Tbps inatakiwa ipitishe pakiti milioni 2,976. Kwa hiyo haifiki kasi kamili! Huo si udanganyifu?

---

waya_mfupi

Hesabu yako ni safi, jina lako umelistahili. Sasa igeuze. 2 Tbps kwa pakiti milioni 2,000 ni biti 1,000 kwa pakiti, baiti 125. Toa zile 20, imebaki 105. Yaani swichi hiyo inafika kasi kamili kwa fremu za baiti 105 na kuendelea, poti zote zikiwa zimejaa kwa pamoja. Mtandao wa kuhifadhia data unasukuma fremu za 1,518, na wengi wanaweka za 9,000. Kwa fremu za 1,518, kujaza 2 Tbps yote kunahitaji pakiti milioni 162 na kitu. Amebakiwa na nafasi zaidi ya mara kumi na mbili.

Ingekuwa ni soko la hisa au mtambo wa kuzuia mashambulizi, wenye mvua ya pakiti ndogo ndogo, ningekuambia ukazane hapo hapo. Kwa Ceph namba hiyo ipite.

---

mzee_wa_grafu

Wanangu, mmezungumza upana wa milango, hamjazungumza ukumbi. Swichi ina bafa, kumbukumbu inayoshikilia pakiti pale mlango wa kutokea unapokuwa umejaa. Brosha huiweka ukurasa wa mwisho, kwa aibu.

Zamu ya usiku, tazama mchoro wako mwenyewe. Seva 12 za data zinatuma kwa 25G. Mashine pepe zinapokea kwa 10G. Leo hii zote ni 10G, kwa hiyo mtumaji na mpokeaji wanalingana. Siku utakayoweka swichi mpya, utakuwa umepanua mabomba ya juu na kuliacha la chini lile lile. Mashine pepe moja ikiomba data iliyotawanyika kwenye seva zote 12, zote zikajibu kwa mpigo, zinaingia 300 Gbps na mlango wa kutokea ni 10. Ziada ni 290. Swichi yenye bafa ya MB 32, hata kama yote ingepewa mlango huo mmoja, na haiwezi kupewa yote kwa kuwa poti zote zinaitumia kwa pamoja, ni megabiti 256. Gawanya kwa 290 Gbps: inajaa kabla ya milisekunde moja kuisha. Baada ya hapo pakiti zinamwagwa.

Utasema milisekunde ni nini. TCP, itifaki inayosafirisha data, kwenye Linux ikipoteza pakiti za mwisho za ujumbe, ikakosa dalili nyingine ya kuirudisha mapema, inangoja walau milisekunde 200 ndipo itume tena. Umemwaga kwa milisekunde moja, umesimama kwa 200. Mtumiaji anasema "mfumo unakwama kwama", wewe unafungua grafu ya wastani wa dakika tano, inakuonyesha poti imetumika asilimia 12. Nimewahi kubishana na mtumiaji wiki mbili nikiwa na grafu ya namna hiyo mkononi, mpaka nilipotazama kihesabio cha pakiti zilizotupwa upande wa kutokea. Kilikuwa kinakimbia. Nilimwomba radhi.

Kwa hiyo usiulize Tbps tu. Uliza bafa ni MB ngapi, na kama ni moja kwa poti zote au imegawanywa vyumba. Zipo swichi za bafa ya gigabaiti kadhaa, bei yake ni ya dunia nyingine, wala sikushauri. Nakushauri usiache 25 na 10 zikakutana bila wewe kujua.

---

zamu_ya_usiku

Mzee, umenitia hofu ya kweli. Na hilo la kukwama kwama tayari lipo, sikujua jina lake.

Halafu kuna jambo nimelisahau. Seva zote zina poti mbili, moja kila swichi, lakini moja inafanya kazi na nyingine ni ya akiba, kwa sababu swichi za sasa hazijui MLAG.

---

kebo_moja

Basi nusu ya kadi zako zinalala bure. Swichi mpya zikiwa na MLAG utaweka LACP, kila seva itatumia poti zote mbili. Usitegemee mazungumzo mamoja kati ya seva mbili yazidi kasi ya poti moja, maana kila mkondo unapangiwa waya mmoja na kubaki hapo. Ila Ceph ina mikondo mingi, itatawanyika. Ukipima kwa iperf3 yenye mkondo mmoja usije hapa kulalamika kwamba imekataa.

---

waya_mfupi

Nimelala, nimeamka, nimefikiri. Mmenirudisha kwenye C.

Kinachoua C kwenye hesabu yako ni ukubwa wake. Mambo mengine iko sawa. Kuna waya unaitwa wa pweza: ncha moja ni ya 100G, upande wa pili ina mikia minne ya 25G. Upo pia wa 40G wenye mikia minne ya 10G. Seva zako 12 za data ni pweza watatu wa 25. Nane za mashine pepe ni pweza wawili wa 10. Umetumia poti tano. Unganisha swichi mbili zenyewe kwa poti mbili, ni saba. Pweza mmoja wa 10G kwenda kwenye vifaa vyako vya nje, ni nane. Kwenye C poti 24 zinabaki kupigwa na upepo wa feni.

Lakini zipo swichi za poti 16 za 100G, upana nusu ya raki, mbili zinakaa ubavu kwa ubavu kwenye nafasi moja ya 1U, yaani ngazi moja ya raki. Uwezo 1.6 Tbps, brosha itakuandikia 3.2. Mhasibu akigawanya kwa Tbps ataiona mbaya kuliko C, maana nusu ya uwezo haiuzwi kwa nusu ya bei. Omba nukuu.

Na usiogope bei kuwa chini. Chipu za 3.2 Tbps zilikuwa mwisho wa teknolojia mwaka 2014, Broadcom walipotoa Tomahawk ya kwanza. Tomahawk 5 ya mwaka 2022 ni 51.2, mara kumi na sita. Wenye fedha walishakimbilia huko, sisi tunaokota kinachotutosha. Tena chapa nyingi tofauti hutia ndani chipu ile ile, kwa hiyo uwezo unalingana hadi desimali, na tofauti ya bei ni programu, msaada na jina lililopigwa mbele.

---

zamu_ya_usiku

Nimerudi baada ya siku nne, wakuu. Nukuu ya poti 16 imekuja: 120. Tuiite D. Haina leseni, MLAG imo, nimeipata kwa barua pepe kama mlivyosema.

Nikagawanya mwenyewe: 120 kwa 380 ni 0.32. Mhasibu aliitazama mara mbili, akachukua kikokotoo chake mwenyewe, akakubali. Nyaya: waya wa kawaida wa DAC ni 1, pweza ni 2.5. Kwa B ningehitaji nyaya 20 kila swichi, ni 20. Kwa D pweza watano, ni 12.5. Raki nimeipima kwa kamba, njia yote hadi seva ya chini kabisa ni mita 2 na sentimita 60. Nitachukua za mita 3.

Kilichobaki kinaniuma ni bafa. B ina MB 32, D ina 16. Kwa hesabu ya mzee, D itajaa kwa nusu ya muda ule. Je, nimenunua nafuu ya bei kwa gharama ya kukwama kwama?

---

mzee_wa_grafu

Umeuliza swali ambalo wengi huuliza baada ya kununua.

MB 32 nayo isingekuokoa. Milisekunde 0.9 na 0.45 zote ni kufumba jicho. Tofauti kati ya 25 na 10 haitibiwi kwa bafa kubwa kidogo, inatibiwa kwa kuondoa tofauti. Zile nane zinahitaji kadi za 25G.

Ndiyo, ulisema bajeti haipo. Sasa hebu toa: 170 ukitoa 120 ni 50, mara swichi mbili ni 100. Kadi ya 25G ya poti mbili huko kwenu imenukuliwa ngapi?

---

zamu_ya_usiku

6 kila moja. Nane ni 48.

Nimekaa kimya dakika nzima hapa.

---

kebo_moja

Kabla hujaagiza, fungua kifuniko cha seva moja ya zile nane uone nafasi ya PCIe, tundu la kadi kwenye ubao. Poti mbili za 25G ni 50 Gbps. Nafasi ya kizazi cha tatu yenye njia nane inapitisha kama 63, inatosha. Yenye njia nne ni kama 31 na nusu, haitoshi kwa poti zote mbili. Usidanganywe na urefu wa tundu, kuna matundu marefu ambayo ndani yameungwa njia nne tu. Soma maandishi kwenye ubao, au uliza `lspci -vv` mstari wa LnkCap (kasi inayowezekana) na LnkSta (kasi ya sasa) wa kadi iliyopo sasa. Na kama LnkSta inaonyesha 5GT/s, kasi ya kizazi cha pili, angalia kama ni kadi ya zamani inayoishia hapo au ni tundu lenyewe.

---

waya_mfupi

Na uangalie mwelekeo wa hewa kwenye D wakati wa kuagiza. Zinauzwa za kuvuta hewa upande wa poti na za kuitoa upande wa poti. Seva zako poti ziko nyuma, kwa hiyo poti za swichi nazo zitatazama nyuma kwenye joto. Unataka ile inayovuta upande wa umeme na kutolea upande wa poti. Ukikosea, swichi itakuwa inavuta pumzi za seva 20.

---

zamu_ya_usiku

Nimefungua mbili usiku huu. Kadi iliyopo imekaa kwenye nafasi ya njia nane, kizazi cha tatu kwa maandishi ya ubao. LnkSta inasoma 5GT/s, x8. LnkCap ya kadi nayo ni 5GT/s, kwa hiyo iliyozeeka ni kadi, tundu ni zima.

Faili jipya limeshakwenda kwa mhasibu: D mbili, pweza kumi za 25G, pweza mbili za 10G za kwenda nje, nyaya nne za 100G, mbili za kuunganisha swichi na mbili za akiba, na kadi nane. Safari hii kigawanyo nimekiandika mwenyewe pale juu: 120 kwa 500 (seva 20 mara 25), 0.24. Karudisha na swali moja tu, kwa penseli: "Pweza ni kifaa gani?"